Macho ya Mtoto wa Mbwa: Kufunguka Siyo Kuona

Nimeombwa nieleze jinsi macho ya mtoto wa mbwa yanavyokua, na nimefurahi kuombwa. Mbwa tunaishi naye uani, analinda nyumba zetu na mifugo yetu, lakini majuma yake ya kwanza duniani wengi wetu hatuyajui. Hoja yangu naitanguliza, ili anayelazimika kuondoka mapema aondoke nayo. Siku kope za mtoto wa mbwa zinapoachana, bado hajaanza kuona kwa namna tunayoijua sisi. Kuona kunajengwa baada ya hapo, kwa majuma kadhaa, na sehemu kubwa ya ujenzi huo hufanyika ubongoni. Majuma hayo ndiyo tunayoyavuruga, mara nyingi kwa nia njema.

Nianze na tumbo la uzazi. Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi, mbuzi miezi mitano, ng'ombe miezi tisa. Mwanambuzi huzaliwa macho yakiwa wazi, na haupiti muda amesimama anatafuta chuchu. Hana budi, kwa kuwa ukoo wake ni wa kuwindwa, na asiyeweza kufuata kundi huliwa. Mbwa ametoka katika ukoo wa wawindaji wanaoficha watoto wao pangoni. Jike mwenye watoto sita au wanane tumboni hawezi kukimbiza windo kwa muda mrefu, basi huzaa mapema na kumalizia kazi nje. Binadamu naye hupitia hatua hiyo hiyo ya kope kuungana na kuachana, ila yeye huipitia tumboni, na kope zake huachana mimba ikiwa imefika miezi sita hadi saba. Mtoto wa mbwa huipitia kwenye majani makavu chini ya ghala, au nyuma ya banda la kuku, mahali popote penye giza ambapo mama yake ameona panafaa.

Chini ya kope hizo zilizoungana, jicho halijakamilika. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, bado inaumbika, na chembe zake za kupokea mwanga zitaendelea kukua kwa majuma baada ya kuzaliwa. Mbele ya lenzi kuna utando wenye mishipa midogo ya damu ulioilisha lenzi tumboni. Utando huo nao unayeyuka taratibu, na kwa kawaida huwa umekwisha mtoto anapofika juma la nne au la tano. Hata kama ungeweza kuzifungua kope siku ya tatu bila kumuumiza, usingempa kuona.

Je, katika giza hilo anaishije? Anaishi kwa pua, kwa ngozi na kwa joto. Masikio nayo yamefungwa. Anatambaa akiyumbisha kichwa huku na huku hadi agonge mwili wa mama yake, kisha anafuata manyoya mpaka chuchu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, na Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walionyesha kuwa ncha ya pua ya mbwa mzima hutambua joto hafifu la kitu kilicho mbali naye, bila kukigusa. Na joto analihitaji, kwa kuwa mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto mwenyewe. Hata kukojoa hawezi mpaka mama amlambe. Katika majuma mawili ya kwanza giza halimdhuru hata kidogo. Kinachomuua ni baridi, unyevu na njaa, na mfugaji mwenye haraka ya kuona macho yakifunguka angefanya vizuri kwanza kuangalia kama tandiko ni kavu.

Kope huanza kuachana kati ya siku ya 10 na ya 14, wengine huchelewa siku chache zaidi. Mwanya huanzia kwenye kona iliyo karibu na pua na kuelekea nje. Jicho moja huweza kutangulia jingine, na ndugu wa tumbo moja hawafungui siku moja. Koo za mbwa nazo zinatofautiana. John Paul Scott na John L. Fuller, waliofanya kazi katika Jackson Laboratory huko Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, waliwafuatilia mbwa wa koo tano kwa miaka mingi, mmojawapo akiwa basenji, mbwa aliyetoka misitu ya Kongo. Katika kitabu chao cha mwaka 1965 waliandika kuwa watoto wa fox terrier walichelewa kufungua macho kuliko wa cocker spaniel, ingawa walilelewa mahali pamoja kwa utaratibu mmoja. Kwa hiyo mtoto wa jirani akitangulia kufungua macho, wako hana ila.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Wapo wanaozivuta kope kwa vidole siku ya nane au ya tisa, wakidhani wanamsaidia. Konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, inahitaji machozi ya kuilowesha na kope za kuifuta. Kabla ya wakati wake mtoto wa mbwa hana machozi ya kutosha, wala hajui kupepesa. Ukimfungua mapema, konea inakauka, inapata kidonda, na kidonda kikipona huacha kovu jeupe ambalo halitoki. Mtoto aliyekuwa aone vizuri anakua na jicho lenye ukungu kwa sababu ya subira ya siku nne iliyokosekana.

Ipo hali moja tu inayotaka kope zifunguliwe kabla ya siku yake, nayo inataka mkono wa daktari wa mifugo. Wakati mwingine vijidudu huingia nyuma ya kope zilizofungwa na usaha hujikusanya humo. Utaona kope zimetuna, jicho limevimba likiwa bado limefungwa, au tone la usaha linachungulia kwenye kona ya pua. Hapo usingoje, maana usaha ukikaa unaila konea. Daktari atalowesha kope kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, atazitenganisha polepole, atasafisha na kuweka dawa ya macho. Mkiwa mbali na daktari, mpigieni simu awaelekeze na fanyeni haraka kumfikia. Wakati mkingoja, lowesheni kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya majani ya chai, ya chumvi kali na dawa za miti shamba zisiingie katika jicho la kiumbe wa siku kumi.

Macho yakishafunguka kwa njia yake, mfugaji hushtuka mara ya pili kwa kuwa yana rangi ya kibluu yenye ukungu. Wengi huletwa kwangu kwa ajili hiyo, na wengi narudisha nyumbani bila dawa. Konea changa ina maji mengi, na hutakata taratibu katika juma la tatu na la nne. Rangi ya bluu inatokana na kwamba mboni imezungukwa na duara ambalo halijapata rangi yake. Kahawia huja baadaye, kuanzia juma la tano au la sita na kuendelea. Hata ule mng'ao unaotutisha usiku tukimmulika mbwa kwa tochi haupo bado. Unatokana na tabaka lililo nyuma ya retina linalorudisha mwanga ili chembe ziupokee mara ya pili, na tabaka hilo hukomaa mtoto anapokaribia miezi minne. Rangi ya bluu inayoingia baadaye, kwa mbwa ambaye macho yake yalikuwa yametakata, ni jambo jingine kabisa. Huyo apelekwe kwa daktari.

Mtoto wa juma la tatu anatofautisha mwanga na giza, na anatambua kitu kikubwa kikisogea. Akimulikwa ghafla, mboni hujikunja, lakini kwa uvivu. Juma la nne na la tano ndipo anaanza kumfuata mtu kwa macho na kumtambua ndugu yake akiwa hatua chache. Kufikia juma la nane hivi retina inafanya kazi karibu kama ya mbwa mzima.

Watu hupenda kumpima kwa kupunga mkono mbele ya uso wake. Asipopepesa husema ni kipofu, na nimesikia kuwa wapo waliomtupa mtoto kwa kipimo hicho. Ndugu zangu, kupepesa mbele ya mkono unaokuja ni jambo la kujifunza. Ubongo lazima kwanza ujue kuwa kinachokaribia kinaweza kugonga, na mtoto wa mbwa hana elimu hiyo mpaka anapofikisha majuma kumi au kumi na mawili. Ukitaka kumpima akiwa na majuma matano, dondosha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haina sauti wala haileti upepo usoni, kwa hiyo akigeuka kuifuata, ameiona. Rudia mara mbili tatu, kwa sababu watoto hawa huchoka na kusinzia haraka.

Nimesema kuona kunajengwa ubongoni, na ni haki mniulize nimejuaje. Jibu linatoka kwa paka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, David Hubel wa Kanada na Torsten Wiesel wa Sweden, wakifanya kazi pamoja Marekani, walichunguza jinsi chembe za ubongo wa paka zinavyoitika kwa kile jicho linachokiona. Wakawafunga watoto wa paka jicho moja katika miezi ya mwanzo, kisha wakalifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kulisahau. Sehemu iliyopaswa kulihudumia ilikuwa imechukuliwa na jicho la pili. Paka mzima aliyefungwa jicho kwa muda kama huo hakupata madhara hayo. Njia ya mguu shambani ikipitwa kila siku hubaki wazi, isipopitwa masika moja huota majani, na njia za ubongo wa mtoto ziko hivyo. Mwaka 1981 watafiti hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Roger Sperry. Majaribio hayo yaliwagharimu paka wengi kuona kwao, na sipendi kuyataja bila kulisema hilo. Lakini ni kwa sababu yake leo madaktari wanahimiza mtoto wa binadamu aliyezaliwa na mtoto wa jicho afanyiwe upasuaji mapema, pasipo kungoja akue. Mzazi mwenye mtoto ambaye mboni yake ni nyeupe asikubali kuambiwa kuwa itajisafisha yenyewe.

Mbwa naye anao wakati wake wa kufunguliwa njia. Ndiyo maana jicho linalokaa limefungwa na tongotongo juma baada ya juma, katika mwezi wa pili wa maisha, si jambo la usafi tu. Linaweza kumnyima mtoto jicho.

Tena kuna wakati mwingine unaokwenda sambamba na huo, nao ni wa kuzoea sura. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanyika huko huko Bar Harbor. Waliwaacha mbwa wazae na kulea ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, bila mtu kucheza na watoto. Wakawachukua watoto wachache wachache katika umri mbalimbali, wakakaa nao juma moja, wakawarudisha. Kundi moja halikuguswa mpaka majuma 14. Hao wa mwisho walibaki wakimkimbia binadamu kama wanyama wa porini, na kuwafundisha kuligoma. Waliochukuliwa katikati, karibu na juma la saba, ndio waliomzoea mtu vizuri zaidi.

Tazameni jinsi mambo hayo mawili yanavyoingiliana. Katika juma la tatu macho yameshafunguka na masikio yanafunguka, na mtoto hana woga na kitu. Katika juma la tano anaona vizuri kiasi cha kutofautisha sura na sura, na hapo woga wa vitu vigeni unaanza kumwingia kidogo kidogo. Baina ya hapo na juma la kumi na mbili, alichokiona mara kwa mara akiwa salama kinakuwa cha kawaida kwake, na ambacho hakukiona kitamtia mashaka maisha yake yote. Mbwa wanaobweka na kuuma kila apitaye na ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo, mtoto anayekimbia, wengi wao hawakuzaliwa wakali. Walikulia kwenye kamba nyuma ya nyumba, wakiangalia ukuta.

Kwa hiyo ninachowaomba wafugaji si kitu cha gharama. Mtoto akishafunguka macho na kuanza kutembea, muacheni aone watu wa nyumbani, wanawake na kanga zao, wanaume, watoto, baiskeli, bodaboda ikipita, kuku, mbuzi. Aone hayo akiwa bado na mama yake na ndugu zake, maana kwao ndiko anakopata utulivu wa kuyapokea. Na msimtoe kwa mama kabla ya juma la nane. Desturi ya kugawa watoto punde macho yakishafunguka, katika juma la tatu au la nne, kwa imani kwamba atamzoea bwana wake mpya, inamtoa katikati ya ujenzi. Anayenunua naye aulize umri, na akiambiwa majuma manne, asilipe.

Kuna jambo la chakula linaloingia hapa moja kwa moja. Anayetolewa mapema, au aliyefiwa na mama, huanzishiwa maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, kwa hiyo mtoto huyo anashiba tumbo lakini anadumaa. Hata maziwa ya kutengenezwa si yote yanafaa. Imeonekana kwa watoto wa mbwa, na kwa watoto wa mbwa mwitu wa Amerika Kaskazini waliolelewa na watu kwa maziwa ya kopo, kwamba upungufu wa kirutubisho kiitwacho ajinini huwasababishia mtoto wa jicho. Mwenye yatima wa umri huo atafute kwanza jike mwingine anayenyonyesha. Wengi hukubali.

Ziko pia kasoro za kuzaliwa nazo. Mbwa wa ukoo wa collie huweza kuzaliwa na hitilafu nyuma ya jicho, na daktari huitafuta kati ya juma la tano na la nane, kwa sababu baadaye rangi ya ndani ya jicho inapojaa huweza kuifunika. Lakini habari inayonipa moyo zaidi ni ya mbwa wa Kifaransa waitwao briard. Baadhi yao huzaliwa wakiwa karibu vipofu, kwa kuwa na hitilafu katika jeni moja iitwayo RPE65, jeni ile ile ambayo hitilafu yake huwapofusha baadhi ya watoto wa binadamu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wamewapa mbwa vijana wa ukoo huo nakala nzima ya jeni hiyo kwa sindano nyuma ya retina, na wakaona. Mmoja wao, aliyeitwa Lancelot, alipelekwa hata bungeni Marekani watu wamwone akitembea bila kugonga viti. Desemba 2017 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo iliidhinisha tiba hiyo kwa binadamu. Wapo watoto wanaosoma shule leo kwa sababu ya mbwa huyo.

Nimalizie na macho ya watoto wetu wenyewe, kwa kuwa yanahusiana na macho ya watoto wa mbwa kuliko tunavyodhani. Jike huwa na viluwiluwi vya minyoo vimelala katika misuli yake. Mimba inapokua, huamka na kupita katika kondo la nyuma mpaka kwa watoto, na wengine huambukizwa kwa maziwa. Kwa hiyo mtoto wa mbwa huzaliwa tayari ana minyoo, na anapofika juma la tatu huweza kuanza kutoa mayai yake katika kinyesi. Mayai hayo hukomaa udongoni kwa majuma kadhaa. Mtoto wa binadamu anayechezea udongo na kutia vidole mdomoni huyameza, na kiluwiluwi kinachototolewa, kikiwa kimepotea katika mwili usio wake, huweza kufika jichoni na kuharibu retina. Mwaka 1950 Helenor Campbell Wilder wa Marekani alichunguza macho ya watoto yaliyokuwa yameondolewa, mengi kwa hofu ya saratani, na katika baadhi yake akakuta mabaki ya minyoo. Miaka michache baadaye ikathibitika kuwa ni minyoo ya mbwa. Watoto hao walikuwa wamepoteza jicho kwa ugonjwa ambao dawa ya bei ndogo ingeuzuia.

Basi sikilizeni ratiba hii na muiandike. Dawa ya minyoo kwa watoto wa mbwa inaanza wakifikisha wiki mbili, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe wiki nane. Mama yao apewe pamoja nao. Chanjo ya distempa, ugonjwa unaoweza kushika hata mshipa wa jicho na kumpofusha mtoto wa mbwa, inaanza wiki ya sita hadi ya nane, na ya kichaa cha mbwa mtaelekezwa na daktari wa mifugo wa kata yenu. Kinyesi kiokotwe na kufukiwa mbali na mahali watoto wanapochezea. Yule ambaye usiku huu ana jike aliyezaa nyumbani kwake, kesho asubuhi ahesabu siku tangu azae, na zikiwa zimefika 14 aende kuchukua dawa.